Maneno Kumi na Mawili katika Sanduku la Bati

Mtaani kwetu Mahongole, karatasi muhimu hazikai nyumbani kwa mwenyewe. Hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mtoto aliyekwisha kuota ndevu: vyote hutiwa kwenye bahasha, bahasha hugundishwa kwa uji mzito wa ngano, jina huandikwa juu, kisha hupelekwa ng'ambo ya kijito kwa mama anayetunza sanduku la chama chetu cha kuzikana. Desturi hii niliikuta. Nasikia nyumba moja iliungua mchana wa upepo, na huku kwetu Makambako upepo hauna siku maalumu, familia ile ikabaki bila karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba kiwanja ni chao. Nyumba ya mtunza sanduku ni ya matofali ya kuchoma, na sanduku lenyewe ni la bati nene, kama yale ya wanafunzi wa bweni. Watu wakaanza kumpelekea karatasi mmoja baada ya mwingine. Hakuna mkutano uliopitisha azimio.

Habari za sanduku nilizijua. Hati yangu mwenyewe ilikuwamo. Nasema hili mapema kwa sababu baadaye watu waliniuliza ilikuwaje mimi, mwalimu wa hesabu wa miaka mingi, nisilifikirie. Nililipita kila siku kichwani mwangu kama mtu anavyopita mlango wa jirani.

Nilihamia Mahongole nilipostaafu. Kabla ya hapo nilifundisha Njombe, na mmoja wa wanafunzi wangu wa Njombe ndiye aliyeleta jambo hili lote. Sasa anaandika programu za kompyuta. Yeye na wenzake walianzisha mfuko ambao watu wa nchi mbalimbali huchangia kidogo kidogo, na fedha hizo hutengeneza vitu vya wote: kisima, njia, darasa, daraja. Masharti ni mawili. La kwanza, wanaoamua ni wakazi wenyewe, kila mtu mzima kura moja, bila kamati ya kuwaamulia. La pili, kila kura na kila malipo huandikwa kwenye blokcheni, mahali ambapo likishaandikwa jambo, hakuna afisa wala fundi mitambo anayeweza kulifuta.

Aliniita Njombe kwa mafunzo ya siku mbili, mwezi wa sita, tukiwa ukumbini na makoti yetu, kila mtu amekumbatia kikombe cha chai kupasha vidole. Nilikuwa mkubwa kuliko wote kwa umri. Siku ya kwanza nilielewa kidogo sana. Siku ya pili jioni nikamwambia nimeanza kuelewa, lakini sijui nitawaelezaje watu wa mtaani.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ulinifundisha sehemu kwa kukata viazi. Tafuta kiazi cha hili."

Nilikipata kwenye basi la kurudi. Mkutano wa kwanza, uwanjani kwa ofisi ya mtaa, nilikwenda na madaftari ishirini ya mistari, nikawagawia watu ishirini waliokaa duara. Nikawaambia kila nitakachotamka wote waandike, na kila mstari uanze na neno lililomaliza mstari uliotangulia. Mstari wa tatu ulisema: "Mwenyekiti ameleta mahindi debe." Wa nne ukaanza na debe, ukamalizika na neno jingine, na wa tano ukaanza na hilo jingine, hadi tukafika mstari wa nane. Kisha nikamwomba mwenyekiti wetu wa mtaa afute debe kwenye daftari lake aandike gunia.

Alikuwa mwizi kwa furaha kabisa. Ni mtu mnene mwenye sauti, anapenda kuwa katikati ya jambo. Aliandika gunia kwa herufi kubwa. Nikamwambia asome. Alipofika mstari wa nne, unaanza na debe. Akataka kuubadili na huo. Mama aliyekaa kando yake akamuuliza tangu lini yeye akatoa gunia zima, watu wakacheka, na watu kumi na tisa wengine wakainua madaftari yao yenye debe.

"Ili niibe," akasema mwenyekiti, "lazima nifute madaftari yenu yote."

"Yote," nikasema. "Mchana, huku mnatazamana."

Toka siku hiyo hakuna aliyesema blokcheni. Waliita daftari la wote, na mimi nikafuata.

Mapendekezo yalikuja mengi, yakapigiwa kura ya mchujo kwa kunyoosha mikono, yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa tangi la maji na mabomba matatu ya kuchotea upande wetu wa kijito, upande wenye nyumba nyingi. Mwenyekiti alilipigania hilo, na hakuwa na kosa; wanawake wa upande wetu walikuwa wakipanga foleni ya ndoo tangu alfajiri. La pili lilikuwa daraja la miguu. Ng'ambo ya kijito kuna nyumba chache zisizozidi kumi, na zahanati iko upande wetu. Kiangazi unavuka kwa kukanyaga mawe. Masika mawe yanazama, magogo yanayotandikwa yanachukuliwa na maji, na anayetaka kuvuka anazunguka hadi barabara kubwa ya malori, mwendo wa karibu saa mbili kwa mtu mwenye miguu mizima.

Mume wa mtunza sanduku hakuwa na miguu mizima. Alikuwa fundi seremala, na nusu ya milango ya mtaa ule ni kazi yake. Kiharusi kilimpiga miaka michache nyuma kikachukua mguu na mkono wa kushoto. Kila mwezi alitakiwa afike zahanati kupimwa presha na kuchukua dawa, tena afike mwenyewe, kwa sababu kipimo hakitumwi kwa mtu. Kiangazi vijana wawili walimbeba juu ya mawe na kiti chake cha magurudumu kikafuata nyuma. Masika ndiyo ilikuwa shida, na masika iliyotangulia alikosa kliniki mara mbili. Mganga wa zahanati alimwambia mkewe waziwazi kwamba mtu wa presha ile hawezi kuendelea kukosa dawa. Kwa hiyo mimi nilipokuwa nikieleza madaftari na mistari, yule mama aliyekaa nyuma na kitenge chake cha bluu alikuwa anasikiliza jambo moja tu: kama daraja litakuwepo kabla ya mvua za mwezi wa kumi na mbili.

Mimi nilitakiwa nisiwe na upande. Nilikuwa nao, lakini sikuuonyesha.

Sasa nieleze maneno. Ili daftari la wote lijue kwamba wewe ni wewe, programu inakupa maneno kumi na mawili ya Kiswahili, yaliyookotwa ovyo. Huna haja ya simu yako mwenyewe. Wengi kwetu wana vitochi, simu ndogo za vitufe, kwa hiyo mradi ulileta vishikwambi viwili nikavitunza ofisini. Unakuja, unaandika maneno yako kumi na mawili kwa mpangilio wake, unapiga kura. Mwenye maneno yako ndiye wewe. Daftari halitazami uso.

Siku ya kugawa maneno watu waliyasoma kama ubashiri. Mzee mmoja alipata mkwe akifuatwa na punda, akaniuliza kama mashine inaifahamu familia yake. Kicheko kilipokwisha, nikasimama mbele nikasema kwa uzito wote niliokuwa nao:

"Karatasi hii usimwonyeshe mtu, hata mwenzako wa ndani. Iweke pale unapoweka kitu ambacho kikipotea umekwisha."

Walinitii.

Kura ilifunguliwa mwezi wa kumi, siku saba. Siku ya tatu asubuhi alikuja mzee wa mkwe na punda. Nikamwekea kishikwambi mbele. Akajipapasa mifuko, akasema nimpe saa moja, anakwenda kuchukua maneno yake ng'ambo.

Nikamuuliza ng'ambo kufanya nini.

"Si yako sandukuni," akasema, kana kwamba ninamuuliza jua linachomozea wapi. "Yetu sote yako sandukuni, Mwalimu. Ulisema tuyaweke pazuri."

Nilifunga ofisi nikamfuata. Tulivuka mawe pamoja, yeye akinishika mkono, maana anajua magoti yangu. Mama alikuwa anaanika mahindi uani. Tukasalimiana kwa Kibena, kamwene, akaniletea kigoda. Nilimwomba anionyeshe sanduku. Akalifungua, na juu ya hati na vyeti vya miaka yote kulikuwa na tabaka jipya la bahasha ndogo, zimepangwa kwa nyumba, zimefungwa uji, kila moja na jina. Kwa kukadiria zilikuwa zaidi ya nusu ya wapiga kura wa mtaa. Nilizipindua moja moja. Hakuna iliyokuwa imeguswa. Uji ukifunguliwa huwezi kuurudisha ukakaa vile, unaacha mpasuko.

"Nimekosea kuzipokea, Mwalimu?" akaniuliza.

Mumewe alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, shoka dogo mapajani, anachonga mpini kwa mkono mmoja huku ameubana kwa goti. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, "Umemwuliza vizuri. Na akisema ndiyo, mwulize nani aliyetuambia."

Nikawaeleza kama nilivyoelezwa Njombe. Daftari la wote linalinda mstari ulioandikwa. Haliwezi kulinda karatasi yenye maneno. Mtu mwenye sanduku hili angeweza kukaa na kishikwambi kwa mchana mmoja akawa zaidi ya nusu ya mtaa, na daftari lingeandika kura zote hizo kuwa halali milele. Ndiyo maana fomu niliyotia sahihi ilisema: msimamizi akigundua maneno ya watu wengi yako mikononi mwa mtu mmoja, atoe taarifa, kura isimame, maneno mapya yagawiwe. Na kura ikisimama inangoja awamu ijayo, mwezi wa tano. Fedha hazipotei, lakini hakuna kitakachojengwa kabla ya mvua, si tangi wala daraja.

Fundi aliacha kuchonga. "Yaani kwa sababu mke wangu angeweza."

"Kwa sababu angeweza."

"Mimi ningeweza kukupiga na shoka hili. Nalo utaliandikia taarifa?"

Nilicheka, yeye hakucheka.

Nilirudi upande wetu nikampigia simu mwanafunzi wangu. Nilianza kumweleza kwamba kuna jambo nimeliona kuhusu karatasi za maneno, akanikatiza kwa upole. Aliniambia kwamba nikimpa taarifa, hana budi kusimamisha, maana programu yenyewe ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mpaka hapo sijampa taarifa yoyote, nimempigia kumjulia hali. Kisha akanitakia mchana mwema, shikamoo Mwalimu, akakata. Mtoto yule alikuwa ananiachia mlango wazi. Kila mtu angechukua bahasha yake, angepiga kura, siku nne zilizobaki zingekwisha, na kama daraja lingeshinda, fundi angevuka.

Siku iliyofuata nilirudi ng'ambo bila uamuzi. Nilitaka kuwaambia hivyo: kwamba njia zipo mbili, na moja ni ya kunyamaza. Nikawaambia. Fundi alisema hapo hapo kwamba mimi ni mwalimu mzuri ninapokaa kimya. Mkewe aliendelea kupepeta ungo wake hadi akamaliza.

"Dada," nikamwambia, "wewe ndiye mwenye mgonjwa. Sema."

"Watu wananiletea karatasi zao kwa nini?"

"Kwa sababu hujawahi kufungua bahasha ya mtu."

"Daraja likishinda, nani ataamini hivyo?" akasema. "Kila mtu anajua nyumba hii inataka nini. Mwaka huu watanyamaza. Mwaka kesho mtu atagombana na mwenzake juu ya mpaka wa kiwanja, atasema hati imebadilishwa, yule mama alishafungua bahasha wakati wa daraja. Nitamjibu nini?"

Mumewe akamwita kwa jina la nyumbani, kwa Kibena, maneno ambayo sitayaandika. Yalikuwa ya kumwomba. Mkewe alimjibu kwa Kibena pia, kwa sauti ya chini, na mkono wake ukiwa juu ya goti la mumewe lililokufa. Halafu akanigeukia akasema kwa Kiswahili nimwite mwenyekiti aitishe mkutano.

Mkutano haukunipendeza. Niliposema tu kwamba maneno hayakutakiwa kuwa sandukuni, watu waliniuliza kama ninamwita mama yao mwizi. Mwenyekiti alikasirika zaidi ya wote, kwa sababu alikuwa na hakika tangi linashinda. Alisema tulipewa kitu cha kutuwezesha kuamua wenyewe, na sasa sisi wenyewe tumeamua kumwamini mtu wetu, na mashine inasema hapana. Nilijaribu kurudi kwenye madaftari yangu ishirini, nikaona nyuso zinachoka.

Mama ndiye aliyewatuliza. Alikuja na sanduku kichwani, akalitua katikati, akaanza kuita majina, bahasha moja moja, kila mtu akaangalia uji wake kabla ya kuondoka nayo. Ilichukua muda mrefu. Alipomaliza akasema: "Mmezikuta zimefungwa. Nataka mwendelee kuzikuta zimefungwa. Kwa hiyo Mwalimu asimamishe." Kisha akabeba sanduku lake lililokuwa jepesi kidogo, akaenda zake.

Nikatoa taarifa jioni hiyo. Mwanafunzi wangu alisema tu, "Sawa, Mwalimu," na kura ikasimama.

Mvua zilianza wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Sitaki kuirefusha sehemu hii. Mwezi wa kwanza wanaume wanane walimbeba fundi kwa kuzunguka barabara ya malori, wakipokezana, naye akiwatukana njia nzima kwamba wanambeba kama kabati. Mwezi wa pili maji yalikata hata njia ya kuzunguka kwa siku tatu, na siku ya kliniki ilikuwa ndani ya hizo tatu. Mkewe alivuka peke yake baadaye, akapewa dawa za wiki mbili kwa huruma, bila kipimo. Mwezi wa tatu kiharusi kilimpiga mara ya pili. Alikaa hospitalini Njombe siku kumi na mbili. Alirudi na mkono wa kulia ukiwa bado wake, lakini ulimi ulikuwa umekwenda. Mtu yule aliyekuwa na jibu kwa kila mtu akawa anatafuta neno moja kama anayetafuta msumari ulioanguka kwenye vumbi la mbao.

Niliwatembelea. Mama alinipikia viazi kama kawaida. Hakuna aliyenilaumu, na nyumbani nilijilaumu vya kutosha. Nilifikiri kwamba heri ningenyamaza siku ile. Bado nafikiri hivyo siku nyingine. Siku nyingine nafikiri daraja lingeshindwa kura vilevile, na masika ingekuwa ile ile. Nimefundisha watoto kwamba swali likikosa kipimo kimoja haliwezi kupata jibu, waandike hivyo na waende swali linalofuata. Ni rahisi ubaoni.

Mwezi wa nne niligawa maneno mapya. Safari hii nilianza kwa kuuliza: wewe, karatasi yako utaiweka wapi? Nilimwuliza kila mtu, nikangoja jibu. Wengine walisema ndani ya Biblia, wengine kwenye mtungi wa mbegu, mmoja alisema ndani ya mto anaolalia na mkewe akamwambia sasa tumejua wote. Walipojaribu kumpelekea mama, alikataa mlangoni, akawa anacheka lakini anakataa.

Nilikwenda nyumbani kwao kumpa fundi maneno yake. Aliitazama karatasi kwa muda, midomo ikienda. Kisha akanirudishia. Mkewe akamwambia atayasahau. Akatikisa kichwa, akagonga paji la uso wake kwa kidole. Huyu alikuwa mtu aliyepima mlango mara moja akaenda kuukata bila kuandika. Nikaichoma karatasi kwenye jiko lao, mbele yao wote wawili.

Kura ya mwezi wa tano daraja lilishinda, tena si kwa kura chache. Nyumba za ng'ambo peke yake zisingeweza kulipatia daraja ushindi ule, kwa hiyo upande wetu watu wengi walihama kutoka kwenye tangi. Nani, sijui. Daftari la wote halionyeshi jina wala haliandiki sababu. Mwenyekiti aliniambia tu kwamba maji atachota kama alivyochota miaka yote, na akabadili mazungumzo.

Fundi wa daraja alitoka mjini Makambako. Alisimika nguzo za chuma mwezi wa saba, katika baridi ile ya asubuhi nyasi zikiwa nyeupe, na mwisho wa mwezi wa nane akapigilia mbao za mlingoti, yaani mkaratusi. Malipo ya mwisho yalikuwa yamefungiwa ndani ya programu. Yangefunguka pale tu wakazi wengi watakapopiga kura ya ndiyo, kwamba kazi imekamilika. Sehemu hiyo niliipenda toka Njombe, lakini sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Nilidhani itakuwa ya heshima tu, kama kukata utepe.

Tulikusanyika upande wa zahanati. Vishikwambi niliviweka juu ya meza chini ya paa la ofisi. Ilionekana haki kwamba wa kwanza kuvuka awe mume wa mtunza sanduku, aliyebebwa juu ya mawe asubuhi hiyo. Mkewe alimsukuma. Walienda kama hatua nne za mtu mzima, kiti kikasimama. Akasukuma tena. Kiti kikainama mbele, na vijana wawili wakakimbia kukishika.

Mbao zilikuwa zimelazwa kwa urefu wa daraja. Anayetembea kwa miguu asingeona tofauti. Lakini mlingoti mbichi ukikauka unasinyaa, kati ya mbao na mbao pakawa na mwanya ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho, na gurudumu dogo la mbele la kiti lilikuwa limeingia humo kama treni kwenye reli. Fundi wetu aliinama akatazama. Akapitisha kidole chake kwenye mwanya. Vijana wakataka kumbeba wamalizie, akawazuia kwa mkono. Akaonyesha meza yangu, wakamrudisha hadi pale.

Nilimwekea kishikwambi mapajani nikageuka nyuma, kama sheria inavyotaka. Foleni ilikuwa nyuma yake. Sikuruhusiwa kumsaidia, na mkewe pia, naye alikwenda akasimama mbali, akiwa amekunja kitenge vidoleni. Tulisikia kidole kikigonga kioo, kimya kirefu, kikigonga tena. Wakati mmoja alikaa kimya kiasi kwamba mtu mmoja kwenye foleni akanong'ona tumsaidie mzee, na mwenyekiti akamwambia anyamaze, mzee anapima. Kumi na mawili yote aliyatoa kichwani mwake, kwa mpangilio wake. Jua lilikuwa limehama kutoka mezani hadi mlangoni alipoinua mkono.

Nikageuka. Kioo kilikuwa kinasema kura imepokelewa. Alinitazama, kisha akawatazama watu, akasema kwa sauti iliyosikika:

"Hapana."

Mwenyekiti akamsogelea, akachuchumaa mbele ya kiti, sauti yake kubwa ameishusha.

"Mzee wangu, daraja hili ni lako. Wewe wa kulikataa?"

Alifungua mkono, akaulaza mbele yake kwa urefu, akautikisa. Kisha akaugeuza ukakaa kwa upana.

"Langu," akasema. "Ndiyo maana."

Watu wakatazama mkono wake, halafu wakatazama mbao. Nadhani kila mtu pale alikuwa amewahi kufungua na kufunga mlango uliotengenezwa na mkono ule. Walikuja mezani mmoja mmoja na maneno yao, kutoka kwenye Biblia na mtungi wa mbegu, na nilipofungua matokeo saa tisa, malipo hayakufunguka. Fundi wa mjini alinung'unika, lakini hakugomba. Alizing'oa mbao zote akazilaza kwa upana, akazibananisha, na baada ya siku tano tukapiga kura tena na fedha zikamfikia.

Mistari hiyo miwili ipo kwenye daftari la wote, hapana na kisha ndiyo, na itabaki humo hata sisi tusipokuwepo. Mwanafunzi wangu aliniuliza kwa simu nini kilitokea kati ya mstari wa kwanza na wa pili, nikamweleza, akaniomba nimweleze tena taratibu.

Hati yangu bado iko sandukuni, na za wengine pia. Tangi la maji liko kwenye mapendekezo ya awamu ijayo, na mwenyekiti ameshaanza kampeni.

Mvua zilirudi. Siku ya kliniki ya kwanza nilivuka kwenda kuwasindikiza, maji ya kahawia yakipita chini yetu kwa kelele. Katikati ya daraja fundi akainua kidole, mkewe akasimamisha kiti. Aliinama upande, akagonga kichwa cha msumari mmoja kwa ukucha.

"Umepinda," akasema.

"Tutachelewa," mkewe akamjibu, akasukuma.

Alikuwa bado amegeuza shingo anautazama tulipofika upande wa pili.